Watu Wangapi Wako Chini?

Najua nimekuwa kimya kwa muda mrefu, na najua niliahidi sehemu ya tatu ya mfululizo wa hifadhidata. Itakuja, msinitupie mawe :-) Leo nina jambo lingine ambalo nimelibeba tangu Pasaka ya mwaka juzi, na kila nikikaa kuandika kodi linanirudia. Kwa hivyo ngoja niliandike kwanza, pengine nitalala.

Wanaonifahamu wanajua kwetu ni Ndhiwa. Ukiwa huko kuna mambo mawili yanayowapa vijana pesa: miwa na dhahabu. Miwa iko kwetu, na dhahabu nyingi iko upande wa Nyatike, Macalder na kwingineko, ambako wakoloni walichimba kisha wakaondoka wakaacha mashimo. Siku hizi ni wachimbaji wadogo wanaoshuka kwa kamba, tochi kichwani, nyundo na patasi mkononi. Ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, ni mmoja wao. Tulisoma pamoja mpaka darasa la nane. Mimi nikaenda kusomea kompyuta, yeye karo ikakatika akiwa kidato cha pili. Tofauti yetu ni hiyo tu, wala msidhani kuna nyingine.

Jumamosi hiyo nilikuwa nyumbani, nimekaa chini ya mwembe na laptopu, simu ikalia. Shimo limeingiwa na maji. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, na wachimbaji walikuwa wamegonga ukuta wa shimo jirani la zamani ambalo hakuna aliyejua lilifika pale. Shimo hilo la zamani lilikuwa limejaa maji. Ukuta ukapasuka.

Tulipanda pikipiki, mimi na baba mdogo. Njiani hakusema neno hata moja.

Tulipofika tukakuta umati, na swali la kwanza nililouliza ndilo kichwa cha makala haya. Watu wangapi wako chini? Mwenye shimo alisema walioshuka asubuhi ni saba, na sita wametoka, kwa hivyo amebaki mmoja. Kijana wa kuzungusha kamba akasema hapana, walikuwa wanane. Wakaanza kubishana pale pale, kila mmoja anahesabu kwa vidole. Aliyemaliza ubishi ni mama anayeuza uji. Alitoa daftari lake la madeni, akasoma majina ya waliokunywa uji kwa mkopo kabla ya kushuka. Wanane. Waliobaki chini ni wawili, na mmoja wao ni ndugu yangu.

Nataka mlikumbuke daftari hilo, nitalirudia.

Kwa nini hatukuita wapiga mbizi

Mimi kama mtu wa teknolojia nilifanya ninachojua kufanya, nikatoa simu. Kila mtu duniani anakumbuka wale vijana 12 na kocha wao waliokwama katika pango la Tham Luang, Thailand, mwaka 2018. Waliingia tarehe 23 Juni, wakapatikana tarehe 2 Julai, na wote wakatolewa hai kufikia tarehe 10. Nikawaza, kama Thailand iliwezekana, kwa nini isiwezekane hapa? Nikampigia rafiki wa rafiki huko Kisumu ambaye hupiga mbizi ziwani. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa upole, "Ndugu yangu, nikiingia humo mtakuwa na watu watatu wa kutafuta."

Nilikasirika. Baadaye nimesoma sana juu ya jambo hili, na sasa nakiri alikuwa sahihi. Nitaeleza kwa ufupi.

Mpiga mbizi wa ziwani akipata shida ana njia ya kutokea: juu. Katika pango au shimo juu ni mwamba. Njia pekee ni ile uliyoingilia, na hiyo njia pengine huioni, kwa sababu ukigusa tope mara moja tu maji yanageuka kuwa chai ya maziwa na tochi yako haifai kitu. Ndiyo maana wapiga mbizi wa mapangoni hufunga kamba nje na kuingia nayo, wasiiache hata sekunde moja. Hewa huigawa kwa tatu: theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, na theluthi ya akiba isiyoguswa. Tochi hubeba angalau tatu. Kanuni hizi hazikutungwa ofisini. Mmarekani Sheck Exley alichambua ajali za watu waliokufa mapangoni, moja baada ya nyingine, akauliza kila mmoja alikosea wapi, akachapisha majibu mwaka 1979. Sisi waandishi wa programu tunapochambua kwa nini seva ilianguka usiku tunafanya kazi ya namna hiyo hiyo, ila kwetu anayekufa ni seva.

Halafu kuna hesabu ya hewa. Kila mita 10 za maji zinaongeza shinikizo sawa na lile la hewa yote iliyo juu yetu. Chukua mtungi wa lita 12 uliojazwa mpaka bar 200. Hiyo ni hewa lita 2,400. Mtu akitumia lita 20 kwa dakika, juu ya maji atakaa saa mbili. Sasa mshushe mita 58. Shinikizo ni karibu mara 7, kwa hivyo kila pumzi inakula hewa karibu mara 7. Ule mtungi wa saa mbili unakwisha kwa dakika 17 hivi. Weka kanuni ya theluthi, unabaki na dakika 6 za kwenda. Na bado hujahesabu muda wa kupanda polepole ili naitrojeni itoke mwilini bila kukulemaza.

Mita 58 sikuichagua ovyo. Ndicho kina cha gari lililoteleza kutoka kwenye feri ya Likoni, Mombasa, tarehe 29 Septemba 2019, likiwa na mama na binti yake mdogo. Taifa zima lilikuwa likiuliza kwa nini wapiga mbizi wanachelewa. Gari lilitolewa tarehe 11 Oktoba. Nami nilikuwa kati ya waliokuwa wakilalamika mtandaoni. Kama ningefanya hesabu hii ya mistari mitatu, pengine ningenyamaza.

Hata Thailand, ambako walikuwepo wapiga mbizi bora duniani, Saman Kunan, aliyewahi kuwa mwanajeshi wa kikosi maalum cha majini, alifariki tarehe 6 Julai akitoka kupanga mitungi ya hewa njiani. Vijana wenyewe hawakutolewa wakiogelea. Walipewa dawa ya usingizi na daktari wa Australia, Richard Harris, wakavishwa barakoa za uso mzima, wakabebwa kama mizigo. Watoto wakishtuka ndani ya maji meusi wangejiua na kumuua anayewabeba.

Mfuko wa hewa

Turudi Nyatike. Kama saa nane mchana mtu mmoja alilaza sikio juu ya mwamba akasema anasikia kitu. Tukanyamaza wote. Kweli, kulikuwa na mgongo, polepole: tuk, tuk, tuk. Baba mdogo alikaa chini pale pale kwenye matope na suruali yake ya Pasaka.

Maana yake walikuwa wamepanda kwenye kijia cha pembeni kinachoinuka, na maji yalipojaa chini yao hewa ikanaswa juu. Vijana wakashika sururu. Shimo lingine kavu lilikuwa karibu, wakataka kutoboa kutoka huko wawapitishie hewa. Mimi nilikuwa wa kwanza kusema ndiyo. Mzee mmoja aliyekuwa mvuvi kabla ya kuja kwenye dhahabu akasimama mbele yao na fimbo yake. "Mmesahau Bukoba?"

Wengi pale walikuwa hawajazaliwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka ikiwa karibu kufika Mwanza. Haikuzama mara moja. Ilielea tumbo juu kwa saa kadhaa, na watu walikuwa hai ndani wakigonga mabati. Waokoaji wakakata tundu ili wawatoe. Hewa ikatoka kwa kishindo, na hewa hiyo ndiyo iliyokuwa ikiishikilia meli. Ikazama. Mamia ya watu walikufa katika ajali hiyo, na kando ya ziwa letu wazee wanaisimulia mpaka leo.

Mfuko wa hewa uliozungukwa na maji unafanana na kikombe ulichokigeuza ndani ya ndoo. Maji hayapandi ndani kwa sababu hewa imeyazuia. Toboa kitako cha kikombe uone. Kama maji upande wa pili yako juu kuliko kichwa cha ndugu yangu, tundu letu la huruma lingemzamisha.

Lakini mfuko huo huo ukiachwa salama huokoa. MV Nyerere ilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara tarehe 20 Septemba 2018 na kuua zaidi ya watu 220, fundi mitambo wake alitolewa hai siku mbili baadaye. Mwaka 2013 mpishi Mnijeria Harrison Okene alikaa karibu saa 60 ndani ya boti iliyozama mita 30 hivi, na waliomkuta walikuwa wamekuja kutafuta maiti. Na kule Quecreek, Pennsylvania, Julai 2002, wachimbaji 9 walinaswa na maji. Waokoaji walitoboa tundu jembamba, lakini walikuwa na mashine ya kusukuma hewa kwa nguvu kuingia ndani, ili mfuko usivuje bali ukue. Wote 9 walitoka hai baada ya zaidi ya saa 77. Sisi mashine hiyo hatukuwa nayo, kwa hivyo mzee alikuwa sahihi: msitoboe, toeni maji.

Mnajua chanzo cha maji ya Quecreek? Shimo jirani la zamani lililojaa maji, na ramani iliyokuwa imepitwa na wakati. Niliposoma hapo niliweka kikombe cha chai chini. Ni kisa chetu, tofauti yake tu wao walikuwa na ramani mbovu na sisi hatukuwa na ramani kabisa.

Pampu

Kutoa maji nako si mchezo. Mkulima mmoja wa kando ya mto alileta pampu yake ya petroli. Ikawekwa mdomoni mwa shimo, mpira ukashushwa, ikanguruma, ikakohoa, haikutoa kitu. Maji yalikuwa chini kama mita 18. Pampu ya kuvuta haivuti maji kwa nguvu zake. Inaondoa hewa mpirani, kisha hewa ya dunia ndiyo inayoyasukuma maji juu, na nguvu ya hewa hiyo inaishia mita 10. Kwenye pampu ya kawaida ni 7 tu au pungufu. Hata ulete injini ya lori, hesabu haibadiliki.

Vijana wakasema basi tuishushe pampu yenyewe, kuna kibaraza katikati ya shimo. Mama wa uji akapiga kelele, "Moshi! Moshi!" Alikuwa amewahi kuona. Injini ya petroli ndani ya shimo hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na anayeshuka kuizima hulala hapo hapo, na anayemfuata pia. Injini haikushushwa.

Saa kumi na mbili jioni fundi wa visima akafika kutoka Migori na pampu ya umeme ya kuzamisha majini na jenereta ya kubaki juu, mbali na mdomo wa shimo. Hii husukuma kutoka chini badala ya kuvuta kutoka juu. Usiku kucha ilifanya kazi. Kila nusu saa tulifunga fundo kwenye kamba kuona maji yameshuka kiasi gani. Saa kumi alfajiri wakatoka, yeye wa kwanza kisha mwenzake, wakiwa na rangi ya udongo na wakitetemeka meno. Walikaa humo saa 19.

Tulicheka, tukalia, tukaimba. Jenereta ikazimwa. Fundi akakunja nyaya zake, alikuwa na kazi nyingine, akaenda. Umati ukatawanyika. Kwa lugha yetu ya kazini, tulifunga tiketi.

Jioni ya siku hiyo ndugu yangu aliamka nyumbani, akanywa chai, akauliza, "Na yule mgeni je?"

Mgeni gani?

Kulikuwa na kijana aliyekuja asubuhi ile ile kutafuta kibarua. Alishuka nyuma ya wengine. Kijana wa kamba alikuwa ameenda haja, mtu mwingine akamshusha, na mtu huyo akaondoka kwenda sokoni. Mama wa uji hakuwa naye daftarini, kwa sababu mgeni hakopeshwi. Hakunywa uji siku hiyo.

Pampu ilirudishwa kesho yake baada ya simu nyingi. Maji yalikuwa yamepanda tena. Alipatikana siku ya nne. Kama alikufa dakika ya kwanza, au kama alikuwa mahali anagonga wakati sisi tunaimba, hakuna atakayejua. Nimejaribu kujiambia ni dakika ya kwanza. Kuna usiku nafaulu.

Nilichotengeneza, na kisichofaa

Niliporudi Nairobi nilianza mradi kwa hasira. Kifaa cha kupima kina cha maji shimoni, kinatuma meseji maji yakipanda. Wiki sita za usiku. Kilifanya kazi vizuri sana ndani ya ndoo, bafuni kwangu :-) Ndani ya shimo mawimbi ya simu hayapiti kwenye mwamba wala maji. Nyaya zikakatwa na nyundo siku ya pili. Betri ikaibwa ya tatu, na simlaumu aliyeiba, ilikuwa betri nzuri.

Nikakumbuka tena Thailand. Elon Musk na wahandisi wake walitengeneza nyambizi ndogo kutokana na bomba la roketi, wakaipeleka mpaka pangoni. Haikutumika. Kilichotumika ni pampu, kamba, mitungi, barakoa, dawa, na watu waliokuwa wamepiga mbizi mapangoni maisha yao yote. Wawili waliowapata wale vijana, mmoja ni Rick Stanton, mzima moto mstaafu. Mwingine, John Volanthen, ni mtu wa kompyuta kama mimi na wewe. Lakini pale alifika kwa sababu ya miaka yake ya kupiga mbizi. Kompyuta aliiacha Uingereza.

Basi nikamwuliza mama wa uji angetaka nini. Akasema, "Ubao."

Ubao wenye misumari 40, na vifuniko 40 vya soda vilivyopakwa rangi na kuandikwa namba. Hushuki bila kuchukua kifuniko chako na kukitundika kwenye msumari, na ukitoka unakitoa. Mgeni ana vifuniko vyake vyekundu. Mtu yeyote, hata asiyejua kusoma, akitazama ubao anajua wangapi wako chini. Migodi ya Uingereza ilitumia vibati vya namna hiyo zamani sana, mimi nilidhani tumegundua kitu kipya. Gharama yote haikufika shilingi 1,000. Sehemu yangu ya programu ni ndogo mno: picha ya ubao inapigwa kwa simu kila zamu na kuhifadhiwa mahali pengine, ili ubao ukizama na shimo orodha ibaki. Ni mistari 60 ya kodi. Ndiyo programu ninayojivunia kuliko zote nilizowahi kuandika, na haina hata ukurasa wa kuingilia.

Jambo la pili tulilolianza ni ramani. Kila shimo linapimwa kwa kamba na dira ya simu, tunachora linaelekea wapi. Ni kazi ya polepole, na wenye mashimo hawapendi jirani ajue mshipa wao unakokwenda. Nawaelewa. Lakini mashimo yetu yanakutana gizani, na maji hayaulizi mpaka ni wa nani. Desemba 2021 mgodi wa Abimbo, Bondo, uliporomoka, na mwili wa mchimbaji mmoja ulikaa chini kwa miezi. Mirerani, kule Tanzania, mvua zilijaza mashimo ya tanzanaiti mwaka 1998 na tena 2008, na makumi wakafa kila mara. Sheria yetu ya Madini ya 2016 inawatambua wachimbaji wadogo, hilo ni jema, ila haimhesabu mtu anaposhuka saa moja asubuhi. Hilo ni la kwetu.

Sitawadanganya kwamba mambo yamekuwa mazuri. Ubao uko kwenye shimo moja tu. Kuna siku wanasahau. Mwezi uliopita nilipokuwa huko nilikuta vifuniko vinne ubaoni na watu watano chini, nikapiga kelele mpaka sauti ikakauka, wakaniita mwalimu mkuu.

Na ndugu yangu? Alikaa nyumbani wiki tatu. Nikamtafutia kazi ya ulinzi Nairobi, akakataa. Ana watoto wawili shuleni, na siku nzuri ya dhahabu inalipa kuliko mwezi wa ulinzi. Siku ya kurudi nilimpeleka mwenyewe kwa pikipiki. Alishuka, akachagua kifuniko, namba 8, akakitundika, akanigeukia. "Omera, usipotoka hapo mpaka nitoe hiki, utakosa basi lako."

Nilikosa basi.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Kama shimo lenu, bwawa lenu, au boti yenu haina orodha ya waliomo, anzeni leo, hata kwa mkaa ukutani. Na ninyi wenzangu wa kodi, kabla ya kufunga tiketi, hesabuni tena. Halafu mwulizeni mtu ambaye hakunywa uji.

Hifadhidata sehemu ya tatu inakuja wiki ijayo. Safari hii kweli.